Tupeane uzoefu: "Goti limeisha ute, kula bamia." Ndani ya goti kuna nini hasa?

Gegedu
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoshughulika na viungo kila siku: fizio, wauguzi, watu wa eksirei, walimu wa michezo. Visa vya bibi na shangazi tuviweke kando. Leteni sehemu, vipimo na namna kazi inavyofanyika. Naanza mimi.

Goti ni makutano ya mifupa mitatu: mfupa wa paja juu, mfupa wa muundi chini, na pia ya goti mbele. Ule mfupa mwembamba wa pembeni haubebi uzito pale. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, jeupe na telezi. Nyuma ya pia ya goti ndipo lilipo nene kuliko kokote mwilini, hufika milimita 5 hivi. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu, kwa hiyo linaweza kulika miaka mingi kimyakimya, na likishalika halioti upya kama lilivyokuwa. Chakula chake linakipata kwenye ute. Ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linafyonza, mithili ya sponji. Goti lisilotembezwa linashinda njaa.

Na huo ute wenyewe, unaotolewa na utando wa ndani ya mfuko wa kiungo, ni mililita chache tu katika goti zima la mtu mzima. Kwa kawaida hauzidi 4, haujazi hata kijiko cha chai. Tangu lini goti lilijaa ute hata tuseme umeisha?

Sindano_Safi
Mkuu, na goti lililovimba mara nyingi kosa lake ni kinyume kabisa: ute umezidi. Ukivuta kwa sindano unaweza kupata mililita 30, 50, hata zaidi. Kilichopungua ni unato wake. Ute mzima una rangi ya manjano hafifu, unaona maandishi kupitia bomba la sindano, na tone lake likidondoka linavuta uzi wa sentimita kadhaa. Kiungo kikiwa na uvimbe wa ndani, ute huwa mwepesi kama maji, haulainishi tena ipasavyo.

Ute ukitoka na damu, fikiria jeraha. Ukitoka na ukungu, na goti ni la moto, mgonjwa ana homa na hataki hata liguswe, hesabu kuwa ni usaha mpaka maabara ikanushe. Sampuli itolewe kabla ya antibayotiki ya kwanza, vinginevyo vijidudu havitaota na hutajua unapigana na nini. Hilo ni jambo la leo, si la Jumatatu. Usaha unaharibu gegedu ndani ya siku chache.

Bamia ni mboga nzuri, kuleni. Mlenda wake unaishia kwenye utumbo, hakuna mfereji wa kuupeleka gotini.

Meza_ya_Picha
Nadhani maneno ya "ute umekauka" yanatoka kwetu huku, picha inapoinuliwa dirishani mgonjwa akaona mifupa imekaribiana. Eksirei haioneshi ute, wala gegedu. Inaonesha mwanya, na mwanya ukipungua ni gegedu lililolika. Kosa kubwa ni kumpiga picha akiwa amelala: uzito haupo, mwanya unaonekana mpana, anaambiwa goti ni zima. Aliyeandika fomu aandike wazi "akiwa amesimama, magoti yote mawili", ili upande mmoja uupime mwingine.

Kocha_wa_Jioni
Kwa vijana hadithi ni nyingine. Watu hulifananisha goti na bawaba, lakini mguu ukikaribia kunyooka kabisa, muundi hujizungusha kidogo kuelekea nje na goti linajifunga. Ndiyo maana unaweza kusimama foleni muda mrefu paja lisichoke. Sasa mguu umekanyaga chini kwa njumu, mwili unageuka: kinachosokotwa ni kano iliyo katikati ya goti na zile pedi mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Mlio wa "ta!" na uvimbe ndani ya saa chache: kano, damu imejaa. Uvimbe wa kesho yake na goti linalokwama likinyooshwa: pedi. Msilivute kulinyoosha uwanjani.

Mama_Tatu
Na goti linalolia ko-ko bila kuuma?

Gegedu
Vipovu vya gesi ndani ya ute mara nyingi, au mshipi wa nyama ukipita juu ya mfupa. Bila maumivu wala uvimbe, liache lilie.

Fizio_wa_Wilaya
Kutembea tambarare goti hukunjika nyuzi 60 hivi. Kuinuka kitini kunataka 90 au zaidi kidogo. Kuchuchumaa choo cha shimo hupita 120. Ndiyo maana mtu anafika kwa miguu yake halafu anasema shida ni chooni. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinamsaidia kuliko vidonge vingi.

Zoezi la msingi ni hili. Kaa kitandani mguu umenyooka, viringisha taulo chini ya goti, ligandamize kwa kukaza paja, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10, mizunguko 3. Kisha inua mguu ulionyooka kiasi cha sentimita 30. Wanakosea kwa kubana pumzi, kwa kuinua goti limepinda, na zaidi kwa kuacha baada ya wiki 2 wakati msuli unadai 6 hadi 8. Maumivu yakidumu hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa pili, si upande wa goti bovu. Kishikio kifike mkunjo wa kifundo cha mkono ukining'inia. Na kila kilo 1 ya mwili inayopungua humwondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua.

Sindano_Safi
Nyongeza kwa wanaochomwa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) gotini: isizidi mara 3 au 4 kwa mwaka, na mwenye kisukari apime sukari kila siku wiki hiyo, itapanda.