Chokaa ya kilimo, dolomaiti au majivu? (Njombe)

Nyanda_Juu: Wakuu, salaam. Nimehamia nyumba yangu, mbele nimepanda ukoka, nyuma mboga. Ukoka umekuwa wa njano, kabichi zimedumaa. Jirani anasema udongo una tindikali, nitie kitu cha kuipunguza. Jumamosi nashuka Makambako. Nichukue chokaa ya kilimo, dolomaiti, au nimwage tu majivu ya jikoni?

Mzee_wa_Uyole: pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi) ni ngapi mkuu? Na eneo lina ukubwa gani? Ukoka huwa wa njano hata kwa njaa ya naitrojeni. Peleka udongo TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, wakupimie kwanza.

Mama_Kabichi: Dolomaiti, kaka. Ni chokaa yenye kalsiamu na magnesiamu, na mvua za huku huviosha vyote viwili. Mimi sirudi nyuma.

Fundi_Bustani: Chochote utakachonunua, soma mfuko. Mwaka juzi niliuziwa chokaa ya kupaka ukuta nikaambiwa "chokaa ni chokaa". Nikaimwaga kwenye nyasi za mteja, na siku hiyohiyo nikatandaza mbolea ya kuku juu yake. Ikatoka harufu kali hadi macho yakatuchoma, naitrojeni yote ikapaa. Baada ya siku nne ncha za majani zilikuwa kahawia kama zimepigwa pasi. Nilipanda upya kwa hela yangu. Chokaa na samadi vipishane wiki kadhaa.

Kijani_Kibichi: Pole sana. Lakini mbona hamsemi chanzo? Ukitia mbolea za SA (salfeti ya amonia) na urea kila msimu, tindikali inarudi tu. Hamia CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu.

Mzee_wa_Uyole: CAN ni ghali, usimtishe mtu. Samadi iliyooza inatosha.

Kijani_Kibichi: Samadi ya kutosha ataitoa wapi mtu asiye na ng'ombe?

Nyanda_Juu: Nimepima kwa karatasi za dukani: 4.9. Eneo ni hatua 20 kwa 12. Nyuma kuna viazi pia, nilisahau kusema.

Mama_Kabichi: Hilo ndilo la kusema mwanzo! Kwenye viazi mviringo usitie, chokaa huleta ukurutu.

Mzee_wa_Uyole: 4.9 ni chini. Ikishuka chini ya 5.5 alumini iliyomo kwenye udongo huyeyuka na kudumaza mizizi. Kwenye mboga changanya chokaa na udongo miezi miwili kabla ya kupanda. Kwenye ukoka nyunyiza kidogokidogo, mwagilia, rudia msimu ujao. Majivu ya jikoni hayafiki popote kwa eneo hilo.

Fundi_Bustani: Ila majivu ya kuni yamenisaidia vitunguu.

Chai_Lupembe: Samahani kuingilia. Nina miche ya parachichi pembeni ya chai, na chai inapenda tindikali. Nikitia chokaa kwenye mashimo ya parachichi tu, haitasogea?