Posa yangu imerudi, naambiwa mimi si kufu yake, yaani hatulingani kwa nasaba. Naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi Mdigo wa Tanga, miaka 31, fundi wa majokofu. Mwaka wa tatu huu tunapendana na binti wa kisharifu, yaani wa kizazi cha Mtume, ukoo wao asili yake Hadhramaut, Yemen, kupitia Lamu.

Mwezi uliopita ami alipeleka barua ya posa, imefungwa kwenye leso pamoja na hela ya kufungulia. Wiki moja baadaye ikarudi, na fundo ni lilelile alilofunga shangazi. Baba mtu alisema kwa upole kabisa, huku akimmiminia ami kahawa: "Kijana hana kasoro. Ila sharifa haolewi nje." Akamwonyesha silsila yao, orodha ya mababu, iko kwenye fremu ukutani.

Ustadhi wangu anasema kwa madhehebu ya Shafii kufu ni haki ya binti na walii wake, wakiridhia wote ndoa inasihi. Akanikumbusha Bi Zainab binti Jahsh, mtoto wa shangazi yake Mtume, aliyeozwa Zaid bin Haritha aliyewahi kuwa mtumwa. (Mtaniambia ndoa ile ilivunjika. Najua.)

Marafiki wanasema twende bomani, binti ana miaka 26 na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimdai ridhaa ya baba. Yeye hataki kukosa radhi za mzee, na mimi sitaki kumwiba mtoto wa watu.

Mama yake yuko upande wetu, kimyakimya. Mliooa kwa masharifu, mlimtuma nani?