Naomba ushauri: magauni ya wapambe sita, bajeti ndogo, Mwanza

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu anaolewa Desemba, na mimi nimekabidhiwa magauni ya wapambe sita. Bajeti ni 50,000 kwa kila mmoja, kitambaa na ufundi humo humo. Eneo la Makoroboi hapa mjini nimezunguka hadi miguu ikavimba. Satini ya bei rahisi ipo, ila jasho likigusa tu inabaki na doa. Magauni ya kukodi yana saizi ndogo, na mpambe mmoja ananyonyesha. Mitumba ya soko la Mlango Mmoja ni mizuri, lakini kupata sita ya rangi moja ni bahati nasibu.

Je, kwa bei hiyo nichukue kitambaa gani? Na fundi wa Kirumba au Igoma anatoza kiasi gani akishona sita kwa pamoja?