SHA: nyumba ya mawe si mshahara!

Wakenya wenzangu, nimevumilia nimechoka. Huu ukadiriaji wa uwezo wa mtu kulipa, unaofanywa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa letu, unawaumiza wale wale tulioambiwa unakuja kuwaokoa.

Aliyeajiriwa hesabu yake iko wazi, anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwisho wa mwezi. Lakini mama mboga, mtu wa boda na kibarua wa mjengo wanaulizwa ukuta ni wa mawe au wa udongo, paa limeezekwa nini, choo ni cha aina gani, wanapikia kuni au gesi. Kisha mtambo unapiga hesabu zake na kuwatolea kiwango cha kulipa.

Jamani, tangu lini ukuta ukaleta pesa? Chukua mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe na marehemu mumewe. Sasa anafua nguo za watu, na kuna siku anarudi mikono mitupu. Fomu inaona mawe, inaona mabati, basi. Akiambiwa alipe 1,000 kwa mwezi, basi kwa hesabu ile ile ya asilimia 2.75, maana yake wameamini anaingiza zaidi ya 36,000 kwa mwezi. Ni nani anayefua nguo akapata 36,000?

Enzi za NHIF, bima ya zamani kabla ya SHA, asiye na ajira alilipa 500 kwa mwezi, yakaisha. Lakini SHA ilipoanza Oktoba 2024, akatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kile kiwango cha chini kabisa, 300, kinakuwa 3,600 kwa siku moja! Mwenye mshahara mnono analipa mwezi kwa mwezi, kibarua anayeishi kwa kutwa ndiye wa kutoa zote pamoja. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Na dawa waliyotuletea ni Lipa SHA Pole Pole, yaani mkopo. Maskini akope ndipo atibiwe?

Msinijibu eti zahanati ni bure. Najua, na ni jambo jema. Lakini mama akihitaji kupasuliwa ili ajifungue, zahanati itamfanyia nini? Huko hospitali kubwa ndiko wanakoangalia kama umelipa.

Wahudumu wa afya wa jamii wanajua kila mlango kijijini, nani ana kitu na nani hana. Wapeni nguvu ya kusahihisha makadirio haya. Na malipo yawe ya kila mwezi kwa kila mtu, bila kukopeshwa.

Mliokadiriwa kupita uwezo wenu, andikeni hapa chini: mnafanya kazi gani, na mliambiwa mlipe shilingi ngapi. Wabunge wetu wazione hizo namba.