Mota ya mashine ya kusaga inazimisha sola za kijiji kizima, naomba ushauri

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia umeme wa kijiji kisiwani, Ziwa Victoria: sola, betri, na jenereta ya dizeli ya akiba. Usiku hatuna shida. Kasheshe ni mchana, jua likiwa kali na karibu mzigo wote uko kwenye sola.

Kuna jamaa kafunga mashine ya kusaga, mota ya kW 15 ya fezi tatu, inawashwa moja kwa moja bila kifaa chochote cha kuituliza. Ikishachanganya inakula ampea kama 30, ila inapoanza klampmita (kipimo cha ampea) inagusa 170. Volti inadidimia, inveta za sola (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uweze kutumika majumbani) zinajitoa zote kwa mpigo, betri zinaachiwa mzigo peke yake. Kuna siku zinahimili, kuna siku kijiji chote giza na simu yangu haipoi.

Fundi mmoja kanishauri softi stata, kifaa cha kuwasha mota taratibu. Mimi nawaza pia kulegeza mipangilio ya inveta, zivumilie mtikisiko mfupi kabla ya kukata. Mfano wa mipangilio kuleta giza ni Australia Kusini, ilizimika jimbo zima Septemba 2016: dhoruba iliangusha minara ya umeme, kisha mitambo kadhaa ya upepo ikajitoa kwa sababu ya kikomo kilichowekwa kwenye mipangilio yake. Baadaye walikirekebisha. Lakini wale wana wahandisi, mimi naogopa kuunguza friji za watu.

Nianze na mota au inveta? Na nikilegeza, niruhusu volti ishuke hadi ngapi, kwa muda gani? Ushauri wa "mwambie asage usiku" nimeshaupata, wateja wake hawataki kuusikia.