Tabibu wa zahanati afanyeje ili ujuzi wake usipitwe na wakati?

Tabibu, Pangani
Ndugu zangu, nilihitimu mwaka 2007, na chuoni tulifundishwa kuwa malaria kali ya mtoto hutibiwa kwa dripu ya kwinini. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Muheza yetu ikiwamo, ulionyesha kuwa watoto waliochomwa sindano ya dawa ya atesuneti walifariki asilimia 8.5, ilhali wa kwinini walikuwa asilimia 10.9. Linaloniuma ni kwamba jambo lililothibitishwa jirani na kwangu nililisikia kwa kuchelewa, tena kutoka kwa mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Semina hufanyika mjini, nasi tuko watumishi wawili tu. Alama za mafunzo endelevu ninazipata, lakini sioni kama zinanifanya mjuzi zaidi mbele ya mgonjwa. Wenzangu mnafanyaje?

Mkunga mstaafu, Tanga mjini
Mwanangu, semina peke yake haitoshi. Kule Haydom, mkoani Manyara, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Kwa mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri, lakini huduma katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Vifo vya watoto wachanga vilipungua baadaye, walipoanza kufanya mazoezi mafupi mara kwa mara pale pale kazini. Dakika ile ya kwanza haikupi nafasi ya kufungua kitabu, kwa hiyo mkono wako lazima uwe umeizoea ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa.

Muuguzi, Muheza
Shikamoo Mama. Naongezea kuwa utafiti mwingine uliofanyika hapa Muheza na kwa majirani zetu Kenya na Uganda, uliotolewa mwaka 2011, ulihusu watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu: waliomiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka walifariki zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, na wasiomiminiwa asilimia 7.3. Wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kinyume chake. Kituoni kwetu, kila wiki tunachukua jalada moja la mgonjwa na kulisoma sambamba na mwongozo wa taifa wa matibabu, bila kumtafuta wa kulaumiwa.

Tabibu, Pangani
Jalada moja kwa wiki tunaliweza. Mama, mwenzangu akiwa likizo, mazoezi ya ambu nikiyafanya peke yangu yatafaa?

Mkunga mstaafu, Tanga mjini
Yatafaa, ila jipime kwa saa ya ukutani, kwani bila saa utadhani ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa.