Nataka kuanzisha tovuti ya rivyu za hedifoni, nifanyeje nisiandike kama kila mtu?

sikio_moja:
Wakuu habari zenu. Nina wazo la tovuti ndogo ya rivyu za hedifoni na spika, ndo vitu navipenda toka zamani. Nimeshaandika tatu ila nikizirudia naona ni zilezile za kila mtu, "sauti safi, besi inagonga, betri inakaa na chaji". Halafu tovuti kubwa wanatumiwa vifaa bure kabla havijatoka, mimi nanunua kwa hela yangu, tena miezi imeshapita. Sasa mtu aache kule aje kwangu kwa lipi?

kalamu2B:
Mkuu huko kuchelewa ndo mtaji wako. Wenzako wanakaa na kifaa siku chache wanaandika wanahamia kingine, wewe unaweza kusema baada ya miezi sita sponji zimeanza kubanduka au bado, chaji imepungua kiasi gani, na hicho ndicho mtu anachotafuta kabla hajatoa hela yake.

Kwenye maneno sasa, chukua hiyo "betri inakaa na chaji". Inakaa mpaka lini? Andika "nilichaji Jumatatu usiku, zikazima Alhamisi nikiwa katikati ya simu, jumla saa 19, boksi linasema 24". Hapo msomaji anajua ulikuwa nazo kweli. Kila sifa uliyoandika jiulize umejuaje, ukikosa jibu ifute, hata kama sentensi ni tamu.

mpimaji:
Naunga mkono. AnandTech, tovuti ya rivyu za vifaa vya kompyuta, ilianzishwa 1997 na Anand Lal Shimpi akiwa na miaka 14 tu, ikaja kuheshimika kwa vipimo vyake, imefunga 2024. DPReview ya kamera nayo Phil Askey aliianza 1998, na watu waliipendea kwamba kamera tofauti zinapigishwa picha ya mandhari ileile ya studio, unalinganisha mwenyewe kwa macho.

Na wewe fanya hivyo, chagua nyimbo tano usizibadilishe, kila hedifoni ipite hapohapo. Ila sawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kulinganisha, hili wengi wanalisahau, maana inayolia juu kidogo tu sikio linaona ndo nzuri zaidi wakati haina lolote.

Mama_Redio:
Vipimo sawa ila mwanangu usinijazie namba tu, nitafunga ukurasa. Niambie mwanzoni kabisa ninunue au nisinunue na zinamfaa nani, maelezo yafuate. Sema pia kama umenunua au umepewa, siku ukipewa halafu ukanyamaza watu wakaja kujua, hawatakuamini tena hata kwa zile ulizonunua. Na ukimaliza kuandika isome kwa sauti, pale unapokata pumzi ndo pa kuweka nukta.

sikio_moja:
Asanteni sana jamani, Mama shikamoo. Nimefuta zote tatu nimeanza upya, mwanzo uko hivi: "Kama unavaa miwani usinunue hizi. Nimezinunua mwenyewe, nina mwezi wa nne nazo, na kila zikifika saa mbili kichwani zinakandamiza miguu ya miwani mpaka nyuma ya sikio panauma. Asiye na miwani aendelee kusoma, maana sauti yake nimeipenda."

kalamu2B:
Mimi navaa miwani na nilikuwa natolea macho za kubana kama hizo. Weka jina la hedifoni basi, na ukiirusha tovuti leta anwani hapa.